Krasha ya mawe, kutoka mwamba hadi kokoto: mwongozo kamili kwa anayefungua kuari (machimbo ya mawe) Uganda

Mtu akitaka kuingia kwenye biashara ya kokoto, swali lake la kwanza huwa bei ya krasha, yaani mashine ya kuponda mawe. Lingefaa liwe la nne au la tano. Kabla yake kuna jiwe lenyewe, kuna ukubwa wa kokoto unaonunuliwa eneo lile, na kuna ardhi ambayo jiwe limelalia. Mashine nzuri iliyonunuliwa kwa jiwe lisiloifaa humaliza mtaji kwa spea tu, na mwenye mali hubaki akilaumu Wachina walioiunda.

Kwa hiyo tutakwenda na jiwe, tangu likiwa mwamba hadi lipande tipa.

Lijue jiwe lako

Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba ya kale mno. Ukanda wa kati, kuanzia Mukono hadi Mubende, umejaa graniti, naisi na kwatzaiti: mawe magumu yenye kwatzi nyingi, ile nyeupe inayong'aa kama chupa. Tororo na vilima vya Sukulu kuna mawe ya chokaa, na Hima kule Kasese vilevile. Ndiyo yaliyoleta viwanda vya saruji sehemu hizo. Moroto kuna marumaru. Kisoro mawe yametoka kwenye volkano.

Chukua kisu cha jikoni ukwaruze jiwe. Chokaa na marumaru vitaacha alama na unga. Kwatzi haitakwaruzika, yenyewe ndiyo itakayokula kisu. Jambo hilo dogo linaamua nusu ya mambo yatakayofuata, kwa sababu kinachokwaruza kisu kitakwaruza pia mabamba na nyundo za krasha, mchana kutwa, tani baada ya tani.

Kisha ligonge kwa nyundo. Jiwe zima hulia kama chuma. Lililooza kwa jua na mvua hutoa sauti ya mti mbichi, na ndani utaona rangi ya kutu. Tabaka hilo la juu liondolewe lote kabla ya kuanza. Wengi huona uchungu kulitupa, halafu mhandisi wa barabara anarudisha mzigo mzima. Kama unategemea kuuzia wakandarasi wa barabara, peleka sampuli maabara kabla ya kulipa senti kwa mashine. Wizara ya Ujenzi ina Maabara Kuu ya Vifaa pale Kireka. Watapima jiwe linavyostahimili kusagika na kubanwa, na kama linavunjika kuwa vipande vyenye pembe nzuri au vipande bapa.

Karatasi, kwa ufupi

Katiba ya 1995 haihesabu udongo, murram, mchanga na mawe ya kawaida ya ujenzi kuwa madini ya serikali, lakini inaliachia Bunge nafasi ya kudhibiti uchimbaji wake ukiwa wa kibiashara. Dhahabu, shaba, bati na wenzake ni habari nyingine. Hayo ni madini ya serikali chini ya Sheria ya Madini ya 2022, ambayo inagusa pia mawe ya ujenzi yakichimbwa kibiashara, na ofisi yake iko Entebbe. Vyovyote iwavyo, NEMA, mamlaka ya mazingira, itataka tathmini ya mazingira, nayo si kitu cha kufanya baada ya mashine kufika.

Buganda kuna mtego mmoja zaidi. Ardhi ya mailo, umiliki wa kudumu wa huko, ina mwenye hati, na juu yake anaweza kuwapo mwenye kibanja, mkaaji wa shamba hilo ambaye sheria inamtambua. Ukikubaliana na mmoja ukamwacha mwingine, siku mwamba utakapoanza kutoa pesa huyo uliyemwacha atatokea na wakili. Wakalishe wote wawili, mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), na mwandikiane.

Kinachotokea ndani ya mdomo

Krasha ya taya ndiyo utakayokutana nayo kwanza, na umbo lake la msingi ni lile aliloliwekea hataza Mmarekani Eli Whitney Blake mwaka 1858. Bamba moja la chuma limesimama imara. La pili liko mkabala nalo limeinama, na baina yao kuna nafasi iliyo pana juu na nyembamba chini. Hilo la pili huenda mbele na kurudi nyuma, mara mia mbili na zaidi hadi mia tatu hivi kwa dakika kwenye mashine ndogo. Likienda mbele linabana jiwe hadi lipasuke. Likirudi, vipande vinateremka kidogo na kukwama tena pale palipo pembamba zaidi. Hivyo hivyo mpaka vipite kwenye mwanya wa chini.

Jiwe lina nguvu nyingi sana likikandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Likibanwa kwenye ncha mbili, katikati yake huvutika na kupasuka. Ndiyo sababu bamba lina meno ya matuta na mabonde: tuta la upande huu hukabili bonde la upande wa pili, jiwe likakunjwa na kuvunjika badala ya kusagwa tu.

Kinachoisogeza taya ni shafti ambayo kiungo chake cha katikati kimewekwa pembeni kidogo ya mhimili, kwa hiyo inapozunguka inaisukuma taya huku na kule. Kwenye ncha za shafti kuna flaiwili mbili, magurudumu mazito ya chuma. Hizo si mapambo. Taya inaporudi nyuma haifanyi kazi, na nguvu ya mota huingia kwenye flaiwili. Inapobana, flaiwili huirudisha yote kwa mpigo. Bila hizo, mota ya kilowati 15 isingeweza jiwe la ukubwa wa kichwa. Hizo hizo ndizo zinazofanya mashine iendelee kuzunguka kwa muda baada ya swichi kuzimwa, na mtu aliyedhani imekwisha akapoteza mkono.

Nyuma ya taya, chini, kuna bamba la togo. Linaitegemeza taya na kuisukuma, lakini lina kazi ya pili muhimu zaidi: ni fyuzi. Limetengenezwa liwe kiungo dhaifu kuliko vyote. Kikiingia chuma kisichovunjika, kama jino la ndoo ya ekskaveta, bamba la togo hukatika na mashine inasimama, shafti na beringi zikasalimika. Katika kuari moja ya Mukono, togo ilikatika Ijumaa jioni, spea haikuwapo, na msimamizi akaagiza lichomelewe bamba nene lililokatwa kwenye chesesi ya lori. Lilifanya kazi vizuri sana. Liliendelea kufanya kazi vizuri hata siku jino la ndoo lilipoingia; kilichopasuka siku hiyo ni nyumba ya beringi, na kuari ikakaa kimya muda mrefu kupita bei ya togo kumi. Weka togo mbili za ziada stoo. Usilichomelee hata siku moja.

Chagua mashine kwa kuanzia kwenye kokoto

Vipimo vya krasha ya taya ni vya mdomo wake. Mashine ya 250 kwa 400 ina mdomo wa milimita 250 kwa 400. Jiwe kubwa kabisa la kuiingizia lisizidi asilimia 80 hadi 85 ya ule upana mdogo, yaani milimita 210 hivi. Hiyo hutumia mota ya kilowati 15 na hutoa tani 5 hadi 20 kwa saa. Ya 400 kwa 600 hupokea jiwe la milimita 340, hutumia kilowati 30, na uzito wake ni kama tani sita na nusu, kwa hiyo msingi wake ni zege la chuma. Magogo hayatoshi.

Krasha ya taya hupunguza jiwe mara nne hadi sita tu kwa mpito mmoja. Ukiingiza milimita 300, utatoka na 50 au 75. Ukitaka nusu inchi kwa zege, taya moja haitakupa, hata muuzaji aape. Mwanya ukiwekwa milimita 40 haina maana kila kitu kitatoka 40. Mwanya hupimwa taya ikiwa imefunga, na vipande vingine hupita inapofunguka. Usishangae kuona vya 60.

Hapo ndipo inapohitajika mashine ya pili. Wadogo wengi hutumia taya nyembamba ndefu ya 250 kwa 1000. Inafaa, ni rahisi, ila kwenye graniti yenye matabaka hutoa kokoto bapa nyingi. Krasha ya koni ni bora kwa graniti: ndani yake kuna koni ya chuma inayoyumba ndani ya bakuli, ikibana jiwe upande mmoja huku ikiachia upande wa pili, bila kusita. Ni ghali, inataka mafuta safi na fundi anayeelewa haidroli, mitambo inayosukumwa kwa mafuta. Krasha ya kugonga, yenye rota inayozungusha vyuma na kulirusha jiwe ukutani, hutoa kokoto zenye umbo zuri kuliko zote, na kwa chokaa ya Tororo ni raha tupu. Ipeleke kwenye kwatzi ya Mubende uone vyuma vyake vinavyoyeyuka.

Hesabu ya siku moja. Tuseme taya ya 400 kwa 600 inatoa tani 25 kwa saa. Kwenye zamu ya saa 8, saa 6 za kusaga kweli ni bahati nzuri. Hizo ni tani 150. Kokoto zikiwa huru huwa tani moja na nusu kwa mita ya ujazo, basi una mita za ujazo 100, tipa kumi za mita kumi. Tuseme moja ya tano ni vumbi la mawe: tipa nane za kokoto na mbili za vumbi, ambalo wafyatua matofali na watengenezaji wa pevu, matofali ya kutandika chini, hulinunua. Kwa upande wa mwamba, jiwe zima lina uzito wa tani 2.65 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji kuvunja mita za ujazo 57 za mwamba kila siku. Swali la kujiuliza ni nani atazitoa mlimani. Mara nyingi krasha haikosi nguvu, inakosa chakula.

Kuhusu kuvunja mwamba: baruti ni kazi ya aliyeidhinishwa na serikali, basi. Na ile desturi ya kuchoma matairi juu ya jiwe ili lipasuke iacheni. Moshi ni sumu kwa majirani, na moto huacha nyufa ndogo ndani ya jiwe ambazo maabara itazigundua hata kama jicho halizioni.

Chekeche na mikanda

Kati ya mdomo na rundo kuna chekeche la kutikisika, lenye nyavu tatu kwa kawaida: milimita 20 juu, 10 au 14 katikati, 5 chini. Kinachobaki juu ya wavu wa kwanza hurudishwa kwa mkanda kwenye krasha ya pili. Chekeche likiwa dogo, mzunguko huo hujaa na mashine nzima inapungua kasi. Mtu akiniambia krasha yake haitoi tani ilizoahidi, huangalia chekeche kwanza.

Mikanda isipande mteremko wa zaidi ya digrii 18, la sivyo kokoto zitabingirika kurudi. Kabla ya mdomo wa kwanza weka vyuma vilivyoachana ili udongo uanguke. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, udongo mfinyanzi huziba nyavu zote. Bila vyuma hivyo utakuwa unalipa vibarua wakwangue matope.

Umeme au dizeli

Mota ya kilowati 30 inataka laini ya awamu tatu, volti 415. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara sita hadi saba ya kawaida kwa muda mfupi, kwa hiyo tumia swichi ya stadelta, inayoanza mota polepole, na uwaeleze watu wa umeme mapema ili transfoma isiwe ya kubahatisha. Kwa injini ya dizeli, mzigo wa kilowati 22 hunywa lita sita au saba kwa saa. Zidisha kwa saa zako za mwezi, ndipo ulinganishe na gharama ya kuvuta nguzo.

Kuwasha, kulisha, kuzima

Mashine huwashwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Mikanda ya kupeleka kwenye marundo kwanza, kisha chekeche, kisha krasha ya pili, kisha ya kwanza, na mwisho kilishio, kinachopeleka mawe mdomoni. Kila kimoja kifikie kasi yake kabla ya kugusa swichi inayofuata. Kuzima ni kinyume: simamisha kilishio, subiri krasha ya kwanza imalize kilichomo, kisha ya pili, kisha chekeche, mikanda ya mwisho. Taya iliyozimwa ikiwa imejaa mawe haitawaka kesho yake. Mota itanguruma, mikanda ya puli itatoa moshi, na watu wataanza kutoa mawe kwa mikono saa moja asubuhi.

Ulishaji ni sanaa ya opereta. Taya inataka mawe yaje mfululizo, yaliyochanganyika makubwa na madogo, yakienea upana wote wa mdomo. Ukilisha upande mmoja tu, bamba linalika upande huo na beringi moja inabeba mzigo wa mbili. Koni nayo inapenda kujazwa hadi juu. Ikiwa nusu tupu inatoa kokoto bapa. Opereta mzuri hufanya kazi kwa masikio. Sauti ya taya inayokula vizuri ni nzito na ya aina moja. Ikianza kupigapiga, bamba limelegea. Ikishuka kama mtu anayezama, jiwe limekwama, aache kulisha hapo hapo.

Jiwe likikwama, zima mota, funga swichi kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayekwenda kulitoa, mfukoni mwake. Subiri flaiwili zisimame kabisa. Hakuna kusimama juu ya mdomo, hakuna mtaimbo mashine ikizunguka: jiwe lililobanwa linaweza kuchomoka kama risasi, na mtaimbo ukarudi kifuani kwa mwenyewe.

Pale pesa inapopotelea

Mabamba ya taya ni ya chuma cha manganizi, kati ya asilimia 11 na 14 kwa kawaida. Chuma hicho kina tabia ya kipekee: kadiri kinavyopigwa ndivyo uso wake unavyokuwa mgumu. Huanza kulika chini, karibu na mwanya. Meno ya chini yakiisha, mabamba mengi hugeuzwa juu chini na kufanya kazi tena. Boliti zake zikazwe upya baada ya saa chache za kwanza, kwa sababu bamba jipya hukaa sawa likishapigwa, likiacha nafasi. Kulichomelea kwa joto kali hulifanya livunjike kama sahani.

Mwanya upimwe kila wiki, kwa kuzungusha flaiwili kwa mkono hadi taya ifunge, kutoka ncha ya tuta hadi bonde linalolikabili. Bamba likilika mwanya unapanuka, kokoto zinakuwa kubwa, chekeche linazirudisha, krasha ya pili inalemewa, na mwenye kuari anaona tu kwamba mauzo yamepungua. Grisi ya beringi isichanganywe na vumbi: futa nipeli, chuchu ya kuingizia grisi, kabla ya kupiga bomba. Beringi ikizidi nyuzi 70 za joto, simamisha.

Mgodini ni mchezo tofauti

Anayesaga kwa ajili ya dhahabu Busia au Mubende hauzi jiwe, anatafuta kilichofichwa ndani yake. Kokoto ya milimita 10 kwake ni mwanzo tu; punje ya dhahabu huachana na kwatzi pale jiwe linapokuwa unga. Njia ni taya, kisha kinu cha mipira ya chuma. Kilembe, iliyochimba shaba tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilifuata mantiki hiyo hiyo: kuponda, kusaga, kutenganisha, ndipo shaba iende kwa reli hadi tanuri la Jinja.

Kuponda kwa krasha hutumia kilowati-saa moja au mbili kwa tani. Kusaga kuwa unga hutumia kumi hadi ishirini. Kwa hiyo ponda hadi udogo unaowezekana kabla ya kuingiza kwenye kinu. Wachimbaji wadogo hufanya kinyume, wanatupia kinu mawe makubwa kisha wanalalamikia dizeli.

Vumbi

Kwatzi ikisagwa hutoa vumbi la silika. Lile laini, lisiloonekana, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba, na vumbi hilo limetajwa rasmi kuwa chanzo cha saratani. Leso mdomoni haizuii. Maji ndiyo dawa: bomba lenye vitundu kwenye mdomo wa krasha, kwenye chekeche na mahali kokoto zinapoanguka kutoka mkandani, yakinyunyiza kama ukungu, si kumwaga, maana yakizidi nyavu zinaziba. Barakoa iwe ya N95 au zaidi ya hapo. Kelele ikizidi desibeli 85, vizibo vya masikio. Pima upepo unavumia wapi kabla ya kupanga mitambo, na kibanda cha chai kikae upande upepo unakotoka.

Kina mama wanaovunja kokoto kwa nyundo pembeni ya kuari yako, kama wale wa Acholi Quarters pale Kireka, wanavuta vumbi lako pamoja na lao. Wengine hugeuka wauzaji wako wazuri wa mafungu madogo. Zungumza nao kabla ya kumwita polisi.

Ukipewa iliyotumika

Mashine za mitumba ni nyingi, na si zote mbaya. Nenda na fundi wako. Tafuta alama za kuchomelea kwenye fremu, hasa pembe za nyumba ya beringi. Angalia kama togo ni ya kiwandani au ni bamba la mtaani. Iwashwe ikiwa tupu kwa saa nzima, kisha gusa beringi zote na ulinganishe joto la kushoto na kulia. Izimwe, usikilize flaiwili zinaposimama: zikikwama ghafla au kukwaruza, beringi zimekwisha. Muuzaji akisema umeme hakuna leo, mwambie utarudi siku utakapokuwapo, na usiache amana.